Mukawa, legetetwet, olamuriaki: kichaka kimoja, majina mengi

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru. Anaeleza kwamba pembezoni mwa uwanja wa shule yao kuna kichaka chenye miiba mirefu kinachozaa vitunda vyeusi vitamu, na wanafunzi huvichuma wakati wa mapumziko. Yeye alilelewa Murang'a, ambako kichaka kama hicho huitwa mukawa na tunda lake ngawa. Mume wake anatoka Kericho na anakiita legetetwet. Mlinzi wa shule, ambaye ni Mmaasai, anakiita olamuriaki, naye mpishi kutoka Siaya anakijua kwa jina la ochuoga. Vitabu viwili alivyovitazama vimemchanganya zaidi, kwa kuwa kimoja kinakiita mtanda-mboo na kukipa jina la kisayansi Carissa edulis, hali kingine kinasema Carissa spinarum. Anataka kuweka kibao cha jina kando ya kichaka, na anauliza: jina sahihi ni lipi, na atajuaje kwamba watu hawa wote wanazungumzia mmea mmoja?

Ndugu Mwalimu, majina yote uliyoyataja ni ya mmea mmoja, na yote ni sahihi. Hakuna sababu ya kuyashindanisha ili moja libaki na mengine yafutwe. Jina la mmea ni sahihi mahali linaposemwa, kwa watu wanaolisema, na pengine kwa sehemu moja tu ya mmea huo. Kosa huanza pale jina linapoandikwa peke yake, bila kutaja lugha, mahali na kitu hasa kilichokuwa kinaonyeshwa kwa kidole wakati lilipotamkwa. Sehemu ya pili ya swali lako, yaani namna ya kujua kwamba mmea ni mmoja, ni nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu kichaka hiki kina ndugu mwenye sumu kali anayefanana nacho kwa mambo mengi. Nitaanza na majina, kisha nifike huko.

Mukawa na ngawa si majina mawili ya mimea miwili, ingawa nimeona orodha zilizochapishwa zikiyatenga kana kwamba ndivyo. Kikuyu na Kikamba, kama Kiswahili, hutaja mti katika ngeli moja na tunda lake katika ngeli nyingine, vile vile tunavyosema mkunazi kwa mti na kunazi kwa tunda. Shina la neno ni moja, ila sauti k, inapokutana na kiambishi cha ngeli ya tunda, hugeuka kuwa ng. Hali ni hiyo hiyo huko Buganda: kichaka ni omuyonza na tunda ni enyonza, na jina hilo la omuyonza linaendelea kusikika hadi magharibi ya Uganda. Kwa hiyo mtu anayekusanya majina kwa kuonyesha tunda kwenye kiganja atapata orodha tofauti na ya yule aliyesimama mbele ya kichaka, na wote wawili watakuwa wameambiwa ukweli.

Jina la mume wako lina tofauti ya aina nyingine. Katika lugha za Kikalenjin nomino huwa na umbo la kawaida na umbo la kubainisha, na miisho ya maumbo hayo ndiyo huwababaisha waandishi wasiozijua lugha hizo. Kwa Wakipsigis na Wanandi utasikia legetetwet, na kwa Watugen na Wamarakwet utakuta limeandikwa legetetwo. Pokot nako jina hubadilika irabu kidogo na kuwa lokotetwo. Anayeyaona maneno haya kwenye karatasi anaweza kuyahesabu kuwa majina matatu, lakini msikilizaji aliyezaliwa katika eneo hilo anasikia jina moja katika vinywa vya majirani.

Safari ya jina olamuriaki ndiyo inayonivutia kuliko zote. Ukiondoa ol- ya mwanzoni, ambayo katika Kimaasai ni kiambishi cha jinsia ya kiume, unabaki na amuriaki. Wasamburu, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kimaasai, husema lamuriai. Ukienda kaskazini-magharibi, Waturkana wanakiita kichaka hicho ekamuria, na Wakaramojong wa Uganda ekamuriei. Kisha, upande wa mashariki, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, unakutana na Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu na iko karibu sana na Kikuyu, nao hawasemi mukawa kama majirani zao wa kusini, bali husema kamuria. Lugha za wafugaji hao si za Kibantu, na Kimeru si lugha ya wafugaji hao, ila shina muria linasikika kwao wote. Kwa maoni yangu maelezo yanayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba Wameru walilipokea jina hilo kutoka kwa wafugaji waliokuwa wakipakana nao upande wa nyanda kavu, ambako kichaka hiki humea kwa wingi na matunda yake huliwa na wachungaji. Ukipoteza jina kamuria kwa sababu tu kitabu kimechagua mukawa, umepoteza pia ushahidi wa ujirani ambao hakuna aliyeuandika wakati ule.

Mambo kama hayo yapo kaskazini zaidi. Katika Kiamhari mmea huu ni agam, katika Kioromo ni agamsa au hagamsa, na Waborana wa kaskazini mwa Kenya huusema dagamsa. Mwanafunzi wako akitoka Marsabit au Moyale, jina atakalokuja nalo litakuwa la ukoo huo, wala si la mlolongo wa muria. Ochuoga la mpishi wenu, kwa upande wake, ni la Kijaluo, wala halifanani na majina mengine yaliyotajwa hapa.

Limebaki jina la pwani. Mtanda-mboo ni jina la Kiswahili la kweli, limerekodiwa na wakusanyaji wa mimea kwa miaka mingi, na hutumika pia miongoni mwa Wamijikenda kwa matamshi yanayokaribiana. Linabeba neno la mwilini ambalo watu wa heshima hawalitamki mbele ya watoto wala wakwe, na mizizi ya mmea huu kwa kweli hutumiwa na waganga wa kienyeji katika dawa za nguvu za kiume. Nafahamu ugumu utakaokupata ukilipaka rangi kwenye kibao cha shule ya msingi. Ushauri wangu ni kwamba usiliandike kwenye kibao, kwa kuwa si jina linalosemwa Nakuru na hakuna mtoto atakayepungukiwa kwa kutoliona hapo, lakini uliandike kikamilifu katika daftari la kumbukumbu la shule. Jambo ninalokusihi usilifanye ni kubuni jina la Kiswahili la adabu ili kujaza nafasi. Jina la kubuniwa halina msemaji, na baada ya miaka michache mtu atalinakili kutoka kwenye kibao chako, atalichapisha kama jina la kienyeji, na kulifuta litakuwa kazi ya kizazi kizima.

Kuhusu majina mawili ya kisayansi, kitabu kimoja si kibaya na kingine kizuri. Vimefuata tu hatua tofauti za historia ile ile. Jenasi Carissa ilipewa jina na Linnaeus mwaka 1767. Mwanafunzi wake, Peter Forsskål, alisafiri hadi Yemen katika msafara wa Kidenmark, akakusanya mimea mingi, akafariki huko mwaka 1763 kabla ya kuchapisha chochote kuihusu. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake aliyenusurika katika msafara huo, na ndani yake kichaka chetu kinaitwa Antura edulis. Mwaka 1790 Martin Vahl alikihamishia katika jenasi Carissa, likapatikana jina Carissa edulis, na kwa karne mbili vitabu vya Afrika vilitumia hilo. Neno edulis maana yake ni chenye kulika, kwa hiyo jina lenyewe lilikuwa na faida kwa msomaji.

Baadaye wataalamu walipolinganisha sampuli za Afrika, Arabuni, India na Australia, waliona kwamba tofauti walizozitegemea kutenganisha spishi zilikuwa zikififia kadiri sampuli zilivyoongezeka. Mapitio ya jenasi hii yaliyotolewa Uholanzi mwaka 2001 yaliziunganisha spishi hizo kuwa moja. Kanuni ya majina ya mimea husema kwamba spishi zikiunganishwa, jina lililochapishwa mapema zaidi ndilo linalobaki. Na kwa kuwa Linnaeus alikwisha kuchapisha Carissa spinarum kabla ya kitabu cha Forsskål kutoka, jina hilo likashinda. Kwa hiyo andika Carissa spinarum, na chini yake ueleze kwamba zamani iliitwa Carissa edulis, kwa sababu vitabu vingi vilivyomo katika maktaba zetu bado vina jina la zamani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niandike kwa urefu. Katika ukoo huu huu wa mimea kuna mti uitwao kisayansi Acokanthera schimperi. Kwa Kimaasai ni olmorijoi, kwa Kikuyu ni muricu, na kwa Kiswahili ni msunguti. Ndio mti ambao gome, mizizi na vijiti vyake vilichemshwa kwa saa nyingi hadi kuwa kitu kizito cheusi kama lami, kikapakwa kwenye mishale ya wawindaji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa Arnaud alitenga kutoka katika mti huo kemikali inayoitwa ouabaini, na jina la kemikali hiyo limetokana na neno la Kisomali la sumu hiyo ya mishale, waabaayo. Ouabaini huzuia pampu ya sodiamu na potasiamu katika seli, na kiasi kidogo kikiingia katika damu moyo huvurugika mapigo kisha husimama.

Mti huo una majani magumu yanayong'aa na yaliyopangwa mawili mawili yakielekeana, kama mukawa. Una utomvu mweupe kama mukawa. Maua yake ni meupe yenye wekundu kidogo na yana harufu nzuri kama ya mukawa, na matunda yake hubadilika kutoka kijani hadi nyekundu, kisha zambarau iliyokolea, kama ya mukawa. Ziada ya hayo, mtu asiyejua Kimaasai anaweza kusikia olmorijoi na kuandika kitu kinachokaribiana na olamuriaki. Nao wanasayansi wenyewe, mwaka 1844, waliuingiza mti huo wa sumu katika vitabu kwa jina la Carissa schimperi, kabla haujahamishiwa katika jenasi yake ya sasa. Mtu anayesoma andiko la zamani lisemalo kwamba Carissa ni sumu ya mishale, na lingine lisemalo kwamba Carissa ni tunda tamu, hawezi kujua nini kimetokea asipojua habari hiyo.

Tofauti inayoonekana kwa macho ni miiba. Mukawa una miiba migumu iliyonyooka, yenye urefu wa sentimita 2 hadi 5 hivi, na huonekana wazi kwenye matawi yaliyokomaa. Acokanthera haina mwiba hata mmoja. Wafundishe wanafunzi wako sharti hili kabla ya kuwafundisha jina lolote: kichaka kisicho na miiba hakiguswi matunda yake, hata kama mtu mzima amekitaja kwa jina linalojulikana. Wapo wanaosimulia kwamba tunda la msunguti lililoiva kabisa limewahi kuliwa wakati wa njaa. Sumu iko katika sehemu nyingine zote za mti huo, pamoja na tunda bichi, na mtoto hawezi kukadiria ukomavu wa tunda kwa usahihi wa kumwokoa. Masimulizi hayo yasigeuzwe kuwa ruhusa.

Kwa sababu hiyo hiyo nina wasiwasi mkubwa zaidi kuhusu mizizi kuliko matunda. Mizizi ya mukawa huchemshwa katika supu na kutumiwa kama dawa katika jamii nyingi za Kenya, na huuzwa sokoni ikiwa imekatwa vipande. Kipande cha mzizi hakina jani, ua wala mwiba. Mnunuzi anabaki na jina analoambiwa na muuzaji, na hana kingine cha kulipimia. Ikiwa muuzaji na mnunuzi ni wa lugha mbili, jina hilo limebeba mzigo usiolifaa. Mzizi usinunuliwe kwa jina tu kutoka kwa mtu asiyeweza kukuonyesha kichaka ulikochimbwa.

Ili ujiridhishe kuhusu kichaka chenu, kitazame kwa mpangilio huu. Kinapaswa kuwa kichaka chenye matawi mengi yanayosukana, au kinachotambaa juu ya mimea mingine, kwa kawaida kisichozidi mita 5. Miiba iwepo, na iwe mingi isiyo na matawi. Ukichuma jani, utomvu mweupe utoke. Ua liwe na petali 5 nyembamba zilizotokana na mrija mmoja, jeupe ndani na lenye rangi ya waridi nje. Tunda liwe la mviringo, lenye kipenyo cha takriban sentimita 1, na likiiva liwe la zambarau karibu nyeusi, lenye mbegu chache bapa ndani. Likiwa bado jekundu huwa chachu na utomvu wake hunata midomoni, jambo ambalo wanafunzi wako bila shaka wanalijua kuliko mimi. Kama miiba imegawanyika mwishoni kuwa ncha mbili na tunda ni jekundu na kubwa kiasi cha yai dogo, basi mna ndugu wa Afrika Kusini, Carissa macrocarpa, ambaye Wazulu humwita amathungulu na ambaye hupandwa mijini kama ua wa kuzungushia nyumba. Tunda lake lililoiva nalo huliwa, ila hastahili kuitwa mukawa kwenye kibao chenu.

Uthibitisho wa mwisho, hata hivyo, ni sampuli. Kata tawi la urefu wa kiganja na nusu lenye majani, miiba, na ama maua ama matunda, lilaze kati ya kurasa za gazeti, uweke uzito juu, na ubadilishe gazeti kila siku hadi tawi likauke. Andika mahali lilipotoka, tarehe, mwinuko wa mahali kama unaujua, rangi ya ua na ya tunda kabla hazijafifia, na majina yote ya kienyeji pamoja na lugha ya kila msemaji. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ina kazi ya kutambua na kuhifadhi sampuli za namna hiyo. Kwa wasomaji wa Uganda ipo hebaria ya Chuo Kikuu cha Makerere, na kwa wa Tanzania ipo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sampuli iliyohifadhiwa ndiyo inayolifunga jina kwenye mmea. Watu mia wanaweza kubishana kuhusu neno lililosikika vibaya, lakini tawi lililokaushwa likiwa na neno hilo kwenye karatasi yake litaendelea kutazamwa na wataalamu ambao hawajazaliwa bado, na kama wanasayansi watabadilisha jina la kisayansi kwa mara nyingine, majina ya wenyeji hayatapotea nalo.

Juu ya kibao, basi, andika Carissa spinarum kwa herufi za mlazo, na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, jina la zamani Carissa edulis. Kisha weka majina yanayosemwa na familia za shule yenu, kila moja likiwa na lugha yake: mukawa, tunda ngawa (Kikuyu), legetetwet (Kipsigis), olamuriaki (Kimaasai), ochuoga (Kijaluo). Acha nafasi tupu chini, kwa sababu Nakuru ina watu kutoka kila upande na orodha hii haitatosha. Wape wanafunzi kazi ya kwenda kuuliza nyumbani, na uwaelekeze wasiulize tu "Kinaitwaje?" bali waulize pia jina hilo ni la tunda au la kichaka, na mhusika alijifunzia wapi. Mwanafunzi akirudi na jina ambalo halifanani na lolote kati ya haya, usilikatae wala usiliandike siku hiyo hiyo. Mwombe amlete mzazi au babu yake mbele ya kichaka, amwonyeshe miiba, na asikie kama jina hilo litarudiwa.